UZI: "Member's" au "members'"? Apostrofi ya Kiingereza pale mali inapokuwa ya wengi

Kalamu ya Korogwe (#1)

Wakuu, salaam.

Oktoba 2020, jimbo la New South Wales kule Australia, dalali mmoja wa nyumba aliingia Facebook akamwandama aliyekuwa mwajiri wake. Aliandika kuwa jamaa anauza majumba ya mamilioni ya dola ila anashindwa kulipa "his employees superannuation". Superannuation ni akiba ya uzeeni ambayo mwajiri wa kule anatakiwa kumchangia mfanyakazi, kama michango ya NSSF kwetu. Posti haikumaliza hata saa 12 hewani, ikafutwa. Lakini aliyetajwa alishaisoma, akaenda mahakamani kudai amechafuliwa jina.

Mwandishi akajitetea kwamba alikuwa anazungumzia akiba yake mwenyewe, ya mfanyakazi mmoja, yaani alikusudia "employee's" na apostrofi ndiyo iliyokosekana. Mwaka 2021 jaji alikataa kuitupa kesi. Kwa maelezo yake, neno lilivyoandikwa linaweza kusomeka kuwa ni wafanyakazi wengi. Mwajiri asiyemlipa mmoja huenda ni bahati mbaya, ila asiyewalipa wengi anaonekana kakusudia.

Kwa hiyo alama ndogo kuliko zote kwenye kibodi ndiyo ilibeba swali zima: wenye haki hiyo ni wangapi?

Nimeuanzisha uzi huu kwa sababu wengi wetu tunaandika Kiingereza cha kazini kila siku. Katiba za vikundi, mihtasari ya vikao, mikataba ya kupangisha, barua kwa wafadhili, CV. Na eneo hili, la mali ya watu wengi, ndilo tunaloandika kwa kubahatisha kuliko yote. Hatubahatishi kwa uvivu. Tunabahatisha kwa sababu lugha yetu haijawahi kutudai kitu cha namna hii.

Angalieni. Tukisema "akiba ya mfanyakazi" na "akiba ya wafanyakazi", idadi ya wenye mali inasikika mdomoni. M- na wa- zimeshamaliza kazi kabla hujashika kalamu. Hata asiyejua kusoma anajua kama mali ni ya mmoja au ya wengi. Kiingereza hakiko hivyo. "Employees", "employee's" na "employees'" zinatamkwa sawasawa kabisa, zote tatu. Mzungu akikusomea kwa sauti huwezi kujua kaandika ipi. Anayesikia anategemea mazingira ya maneno, anayesoma anategemea alama.

Sisi alama hiyohiyo tunayo kwenye ng'ombe na ng'ambo, lakini kwetu ina sauti yake. Iondoe na matamshi yanabadilika. Yao ipo kwa ajili ya macho tu.

Na haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kiingereza cha kale kilitenganisha: "cyninges" ilikuwa ya mfalme mmoja, "cyninga" ya wafalme wengi. Mwisho wa neno ulikuwa na sauti tofauti, sikio lilitosha. Karne zilivyopita viambishi vile vikasagika, ikabaki "s" moja iliyobebeshwa kila kitu: wingi, umiliki wa mmoja, umiliki wa wengi. Apostrofi iliingia Kiingereza karne ya 16, kwa mfano wa Wafaransa, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuonyesha herufi iliyodondoka. Kuitumia kwa umiliki wa mmoja kulizoeleka baadaye, na ile ya nyuma ya "s" kwa wenye mali wengi haikutulia mpaka karne ya 18. Kwa maneno mengine, ni kiraka cha kwenye karatasi kwa kitu ambacho mdomo ulishakipoteza. Ukilijua hilo utaacha kuitafuta kwa sikio.

Sasa namna ya kuiweka. Shuleni wengi tulipewa kanuni ya mkato: mmoja, apostrofi kabla ya "s", wengi, baada ya "s". Kanuni hiyo ndiyo inayotuangusha, maana ikifika kwa watoto mtu anaandika "childrens'", kitu ambacho hakipo.

Njia salama ni kumwandika mwenye mali kwanza, mpaka umemmaliza, kana kwamba hakuna kingine kitakachofuata. Ni wanachama? Andika "members". Umemaliza. Sasa weka alama. Neno lina "s" ya wingi tayari, haihitaji nyingine: "members'". Ni mwanachama mmoja? "Member". Weka alama na "s": "member's". Ni watoto? "Children". Hilo ni wingi tayari, halina "s", basi linapewa: "children's". Vivyo hivyo "women's", "men's", "people's". Zanzibar ya miezi ya mwanzo ya 1964 ilijulikana kwa Kiingereza kama "People's Republic of Zanzibar". Ni jamhuri ya watu, watu ni wengi, na bado apostrofi iko kabla ya "s", kwa kuwa "people" haikuhitaji "s" ili kuwa wingi.

Kumbukeni pia kwamba idadi ya kinachomilikiwa haihusiki kabisa na alama. Hapa tunateleza kwa sababu kwetu kiunganishi kinafuata kitu: akaunti ya wanachama, akaunti za mwanachama. Tumezoea kukitazama kitu. Kiingereza kinamtazama mwenye kitu. "The members' account" ni akaunti moja ya watu wengi. "The member's accounts" ni mtu mmoja mwenye akaunti kadhaa. Mkaguzi wa hesabu akizisoma hizo mbili anaona vikundi viwili tofauti kabisa.

Na kwenye katiba uzito wake ni huu: "The member's shares shall be refunded" inamhusu mwanachama mmoja anayetoka, arudishiwe hisa zake. "The members' shares shall be refunded" inaweza kusomeka kuwa kikundi kinavunjwa na kila mtu anachukua chake. Herufi ni zilezile, kilichohama ni alama.

Nitaendelea kwenye kusisitiza umiliki. Karibuni kwanza.

MhasibuMoro (#2)

Mkuu Kalamu, nashukuru. Hiyo ya kumwandika mwenye mali kwanza nimeielewa. Swali langu ni la CV. Naona watu wanaandika "five years experience", wengine "five years' experience", wengine "five year's experience". Miaka inamiliki nini hapo?

Kalamu ya Korogwe (#3)

Mkuu, haimiliki kitu. Kiingereza hutumia umbo lile la umiliki pia kwa kipimo cha muda: uzoefu wa miaka 5, likizo ya siku 10, notisi ya wiki mbili. Kwetu "wa" na "ya" zinafanya kazi hiyohiyo kwenye "uzoefu wa miaka mitano", na hatujiulizi kama miaka ina mali.

Kwa hiyo "five years' experience", "ten days' leave", "two weeks' notice". Ikiwa ni kimoja: "one year's experience", "a month's notice". Hiyo "five year's" haiwezi kuwa sahihi kwa hali yoyote, kwa sababu miaka mitano si mwaka mmoja. Ukiona inakusumbua, andika "five years of experience" na usonge mbele. Hakuna mwajiri atakayekulaumu.

Ukiwa unaandika mkataba wa kupangisha, usiliache jambo la notisi bila alama. "Three months' notice" ndiyo inayotakiwa.

Kalamu ya Korogwe (#4)

Naendelea na kusisitiza umiliki, maana hapa ndipo panaponigusa zaidi.

Kiswahili kikitaka kukaza mali ni ya nani kinaleta "-enyewe": fedha za wanachama wenyewe, ardhi ya wanakijiji wenyewe. Kiingereza kina "own", na kinaikalisha baada ya mwenye mali: "the members' own money", "the villagers' own land". Angalieni apostrofi haihami kwenda kwa "own". Inabaki kwa mwenye mali.

Lakini kuna njia nyingine yenye nguvu kuliko hiyo na wachache wetu wanaithubutu. Ni kumweka mwenye mali mwishoni, peke yake, bila kutaja kitu tena. "The land is the villagers'." Ardhi ni ya wanakijiji, nukta. Na ukitaka kulinganisha: "The decision was the villagers', not the investor's." Uamuzi ulikuwa wa wanakijiji, si wa mwekezaji. Ndani ya sentensi hiyo moja kuna wengi na mmoja, na apostrofi mbili zimekaa sehemu tofauti kwa sababu hiyo. Mtu akiziondoa zote mbili, au akizibadilisha nafasi, msomaji hajui tena kama wawekezaji ni wangapi na wanakijiji ni wangapi. Kwenye muhtasari wa mkutano wa kijiji kuhusu ardhi hilo si jambo la kuchezea.

Kuna pia mali ya ubia. "Asha and Rehema's shop" ni duka moja, wanamiliki pamoja; alama inakaa kwa wa mwisho tu. "Asha's and Rehema's shops" ni kila mmoja na lake. Kwetu tungeongeza maneno, "duka lao la pamoja", "kila mmoja na duka lake". Wao wanamaliza kwa alama. Anayeandika wosia au makubaliano ya biashara kwa Kiingereza alisome hili mara mbili. Na kama anaona kuna hatari ya kubishaniwa, basi aongeze neno "jointly" au "respectively", asiiachie alama peke yake kazi yote.

Mdau wa Tabata (#5)

Mkuu unatuchosha na kitu ambacho wenye lugha wameshakiacha. Barclays haikuwa na apostrofi. Harrods haina. Kenya pale wana Teachers Service Commission, haina. Kama taasisi kubwa hazihangaiki, mimi wa Tabata nihangaike kwa nini?

Kalamu ya Korogwe (#6)

Ndugu yangu, hoja yako ni ya msingi na naijibu kwa heshima yote.

Majina yana utaratibu wake. Jina likishakuwa jina, linaacha kueleza mali ni ya nani na linabaki kutaja kitu. Waterstones, wauza vitabu wa Uingereza, walikuwa na apostrofi mpaka Januari 2012, wakaiondoa. Baraza la jiji la Birmingham liliamua mwaka 2009 kutoiweka kwenye vibao vya mitaa. Ukipanda treni ya chini ya ardhi London, laini ya Piccadilly, vituo viwili vinavyofuatana vinaitwa Earl's Court na Barons Court. Kimoja kinayo, kingine hakina.

Marekani ndiyo wamelifikiria zaidi, na sababu yao inathibitisha hoja yangu. Bodi ya serikali yao ya majina ya mahali, iliyoanzishwa 1890, imekuwa ikikataa apostrofi ya umiliki kwenye ramani. Mlima wa Colorado unaandikwa Pikes Peak. Hoja ya bodi ni kwamba mahali pa umma pasionekane kuwa mali ya mtu. Walioruhusiwa katika miaka yote hiyo ni wachache mno, na wa kwanza ni kisiwa cha Martha's Vineyard, mwaka 1933. Sasa fikiria: kama alama hiyo haina maana, kwa nini bodi ya serikali ijisumbue kuizuia? Wameizuia kwa sababu inasema kitu, nacho ni umiliki.

Mfano wa pili ni sikukuu zao. Veterans Day, iliyopewa jina hilo 1954, haina apostrofi. Idara yao ya wanajeshi wastaafu inaeleza kwamba siku hiyo si mali ya wastaafu, ni siku ya wananchi wote kuwaenzi. Kwa upande wa Siku ya Mama, mwasisi wake Anna Jarvis alisimamia "Mother's Day", apostrofi kabla ya "s", umoja. Alitaka kila familia imheshimu mama yake, yule mmoja, wala isiwe sherehe ya akina mama kwa jumla. Mwaka 1914 Rais Woodrow Wilson aliitangaza kitaifa, na mpaka leo inaandikwa hivyo.

Teachers Service Commission ni jina la taasisi, na sheria yao imeliandika bila apostrofi. Ukiandika jina lao, liandike kama wanavyoliandika wao. Lakini ukiandika sentensi yako mwenyewe kuhusu mishahara ya walimu, hapo huandiki jina tena: "the teachers' salaries". Jina la taasisi haliwezi kukupa ruhusa kwenye sentensi.

Mdau wa Tabata (#7)

Hapo kwenye ramani za Marekani umenipata mkuu. Endelea.

MwlKilifi (#8)

Hamjambo. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza huku Kilifi. Kalamu amefafanua vizuri, nami niongeze kidogo.

Wanafunzi wangu nawafunza kugeuza kwa "of" wakikwama. "The boys dormitory": je, ni "the dormitory of the boy" ama "of the boys"? Wakishajibu, mwenye mali amejitokeza, wanaweka alama hapo. Wanaiweza haraka kuliko kukariri kanuni.

Panapowachanganya zaidi ni "boss". "The boss's office" ni ofisi ya mkubwa mmoja. "The bosses' office" ni ya wakubwa kadhaa. Kwa sauti hakuna tofauti hata chembe.

Lingine ni majina ya ukoo. Kwetu tunasema nyumba ya akina Hamisi, tukimaanisha Hamisi na watu wake wote. Kiingereza kinaitia "akina" ndani ya jina lenyewe: "the Hamisis' house". Kwanza jina linapata wingi, "the Hamisis", halafu alama. Jina likiwa tayari lina "s" mwishoni, kama Jones, wingi wake ni "the Joneses", na nyumba yao ni "the Joneses' house". Watoto hukataa wakidhani nimebuni.

Kalamu ya Korogwe (#9)

Mwalimu, ahsante sana. Hiyo ya "akina" sijawahi kuiona ikielezwa vizuri hivyo, na naomba ruhusa ya kuitumia.

Kijana wa Mwanza (#10)

Shikamooni wakubwa. Mimi nimekwama kwa majina ya mtu mmoja yenye "s". Mwaka 2024 wakati wa kampeni za Marekani niliona vyombo vya habari vingine vinaandika "Harris' campaign", vingine "Harris's campaign". Ipi ni sahihi? Na "Harris'" si inaonekana kama wingi?

Kalamu ya Korogwe (#11)

Marahaba kijana. Umeuliza kitu ambacho wenyewe hawakubaliani. Shirika la habari la AP linaandika "Harris'", apostrofi peke yake kwa majina yanayoishia na "s". Mwongozo wa Chicago, unaotumiwa na wachapishaji wengi wa vitabu, unataka "Harris's". Mwaka 2006 majaji wa Mahakama Kuu ya Marekani waligawanyika kwenye kesi ya Kansas v. Marsh kuhusu adhabu ya kifo, na hata uandishi wao ukatofautiana: Jaji Thomas, aliyeandika uamuzi wa walio wengi, alitumia "Kansas' statute", Jaji Souter upande wa wapinzani akatumia "Kansas's". Mwaka uliofuata Bunge la Arkansas likapitisha azimio kwamba jimbo lao liandikwe "Arkansas's".

Mimi nakushauri "Harris's", kwa sababu ileile uliyoiona mwenyewe. Ukiacha apostrofi peke yake, msomaji anaweza kufikiri ni wengi. Ukiandika "Harris's" kwa mmoja na "the Harrises'" kwa familia nzima, hakuna wa kukuuliza. Kama unaandikia ofisi yenye mwongozo wake, fuata mwongozo wa ofisi mwanzo hadi mwisho wa waraka.

Na kwa haraka, maana nimeulizwa PM: "its", "theirs", "ours", "yours" hazina apostrofi hata siku moja. Hizo ni kama "-ake" na "-ao" zetu, umiliki umo ndani tayari. Na bango la sokoni lenye "mango's" kwa maana ya maembe ni kosa. Wingi wa kawaida hauna alama.

Katibu VICOBA (#12)

Kalamu, uzi umekuja wakati mwafaka. Sisi ni kikundi cha akina mama, tunatafsiri katiba yetu kwa ajili ya mfadhili. Kifungu kimoja tumekiandika hivi, naomba ukipitie:

"All members contribution's shall be deposited in the groups account before the 5th of every month. The secretary and treasurer's books shall be opened to any member."

Kalamu ya Korogwe (#13)

Dada Katibu, hongereni kwa kazi. Twende taratibu.

Michango ni ya nani? Ya wanachama wote. Mwenye mali ni "members", basi alama inakwenda kwake. "Contributions" yenyewe haimiliki chochote hapo, ni wingi tu, haitaki alama. Akaunti ni ya nani? Ya kikundi, kimoja: "group's". Kwa hiyo: "All members' contributions shall be deposited in the group's account before the 5th of every month."

Sentensi ya pili inategemea utaratibu wenu. Je, katibu na mhazini wana daftari zao tofauti, au wanatunza pamoja?

Katibu VICOBA (#14)

Tofauti. Mimi nina la mahudhurio na muhtasari, mhazini ana la fedha.

Kalamu ya Korogwe (#15)

Basi kila mmoja apewe alama yake: "The secretary's and the treasurer's books". Mlivyoandika mwanzo inasomeka kuwa daftari ni za pamoja, na siku ikitokea tofauti ya hesabu, wewe utaulizwa kuhusu daftari ambalo hukuwahi kulishika. Pia badilisheni "opened" iwe "open", maana mnataka ziwe wazi wakati wote, si zifunguliwe mara moja.

Mkimaliza vifungu vingine vileteni hapa, tutavipitia na mwalimu wa Kilifi.